Masasisho ya blokucheni na anayejenga juu yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaoandika mikataba erevu (programu zinazoishi na kuendeshwa ndani ya blokucheni), pochi na programu zinazotegemea blokucheni, nami ni mmoja wao. Mifano mingi inatoka Ethereum, kwa kuwa huko mabishano yote hufanyika hadharani na nimeyafuata kwa miaka. Minyororo mingine nimeigusa pale inapofundisha jambo tofauti.

Sasisho la itifaki ni nini, na linanihusu vipi mimi ninayeandika mikataba tu?

Blokucheni ni maelfu ya kompyuta zinazofuata kanuni zilezile. Sasisho la itifaki ni kuzibadilisha kanuni hizo: bei ya kila operesheni, ukubwa wa bloku (kifurushi cha miamala), amri ambazo mkataba unaweza kuzitumia, namna wathibitishaji, yaani wanaozikubali bloku mpya, wanavyokubaliana. Hakuna seva moja ya kuzima na kuwasha, kwa hiyo nodi zote, yaani kompyuta hizo, hutakiwa kuwa na toleo jipya kabla ya saa iliyopangwa. Nodi isiyosasishwa hubaki kwenye mnyororo wa zamani, na mabadiliko ya aina hiyo huitwa foki ngumu. Foki laini yenyewe hukaza kanuni zilizopo, hivyo nodi za zamani huendelea kuzikubali bloku mpya.

Linakuhusu kwa sababu mkataba wako ni mpangaji katika nyumba ya watu. Kila hesabu uliyoipiga ya gesi, kipimo cha kazi ya mashine ambacho mtumiaji hukilipia, kila dhana uliyokuwa nayo kuhusu nani anaweza kuita fanksheni yako, imesimama juu ya kanuni ambazo wengine wanaweza kuzigusa miaka mitano baada ya wewe kumaliza kazi na kulipwa.

Nani hasa huamua kinachoingia?

Kwenye Ethereum hakuna kura. Mtu yeyote anaweza kuandika pendekezo, yaani EIP, na kuliweka hadharani. Kutoka hapo hadi kuingia kwenye sasisho ni mlima. Mapendekezo hujadiliwa kwenye mikutano ya mtandaoni ya mafundi wa itifaki, kila Alhamisi: wiki moja ni zamu ya upande wa utekelezaji wa miamala, wiki inayofuata ni zamu ya upande wa makubaliano ya wathibitishaji. Wanaosikilizwa zaidi ni wanaotunza programu za nodi, kama Geth, Nethermind, Besu, Erigon na Reth. Wao ndio watakaoandika msimbo, na wao ndio watakaoamshwa usiku mambo yakiharibika. Pendekezo likipata kauli ya pamoja hupangiwa sasisho. Timu moja kubwa ikilipinga kwa hoja nzito, mara nyingi husubiri.

Baada ya hapo waendeshaji wa nodi ndio wenye neno la mwisho, maana hakuna awezaye kuwalazimisha kusakinisha toleo jipya. Mwaka 2016, baada ya mkataba uliojulikana kama The DAO kuchotwa takriban ETH (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6, wengi waliikubali foki ya Julai 20 iliyorudisha fedha hizo. Waliokataa walibaki na mnyororo wao, Ethereum Classic, ambao upo hadi leo.

Kuna pia mabadiliko yasiyohitaji foki. Kikomo cha gesi cha bloku husogezwa na wathibitishaji wenyewe, kila bloku ikiruhusiwa kukipandisha au kukishusha kidogo sana, sehemu moja kati ya 1,024. Ndivyo kilivyotoka milioni 30 hadi 36 Februari 2025, kikafika 45 Julai, na 60 Novemba mwaka huohuo. Msanidi wa programu aliamka tu akakuta nafasi imeongezeka.

Na mimi msanidi wa programu nina sauti gani hapo?

Mlango uko wazi. Mikutano hurekodiwa, hoja huandikwa hadharani, hakuna kadi ya uanachama. Ila kuufuatilia mjadala wa EIP moja hudai kusoma maelezo marefu ya matumbo ya mashine pepe, injini inayoendesha mikataba, wakati mwenye programu iliyo hai anashinda akijibu malalamiko ya miamala iliyokwama.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi wa itifaki anaujua vizuri uzito wa data kwenye diski ya nodi. Si lazima ajue kwamba mtumiaji huiacha programu pale anapoombwa kusaini mara mbili ili abadilishe tokeni moja tu. Kusaini mara mbili, kwanza idhini kisha muamala wenyewe, tumekuwa nako tangu ERC-20, kiwango cha pamoja cha tokeni, kilipopendekezwa Novemba 2015. Njia ya kuziunganisha hatua hizo kwa pochi za kawaida, ndani ya itifaki yenyewe, ilikuja na EIP-7702 katika sasisho la Pectra, Mei 7, 2025. Miaka tisa na nusu.

Katika muda huo wasanidi walijishonea viraka: saini za idhini nje ya mnyororo, pochi za mikataba, na mwaka 2023 ERC-4337, mfumo mzima wa akaunti zinazojiendesha kwa msimbo uliojengwa bila kugusa mstari hata mmoja wa itifaki. Ulifanya kazi. Lakini kila operesheni ilibeba gesi ya ziada, na aliyeilipa ni mtumiaji.

Kwa hiyo masasisho hayatufai?

Yanatufaa, tena sana, na kusema vinginevyo ni kuwadhulumu watu wanaofanya kazi ngumu. Chukua amri ya REVERT, iliyokuja na sasisho la Byzantium Oktoba 2017. Kabla yake, mkataba ukikataa muamala ulikuwa unameza gesi yote iliyobaki, na aliyeita hakuambiwa sababu. Leo muamala ukigoma unarudishiwa gesi isiyotumika pamoja na ujumbe wa kosa. Ni vigumu kumweleza aliyeanza kazi baada ya hapo jinsi tulivyokuwa tukitafuta makosa gizani.

Mfano mkubwa zaidi ni EIP-4844, iliyoingia na Dencun Machi 13, 2024. Minyororo ya tabaka la pili, ile inayojengwa juu ya mtandao mkuu, ilikuwa ikiandika data zake ndani ya miamala ya kawaida ya mtandao mkuu, na kuilipia kama vile ingehifadhiwa milele. EIP hiyo ilileta blobu: vifurushi vya kilobaiti 128 ambavyo mtandao huvitunza kwa takriban siku 18, kisha nodi huruhusiwa kuvifuta. Ada kwenye matabaka ya pili zikaanguka. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba aliyekuwa na mkataba huko hakulazimika kubadilisha chochote. Alilala ada ikiwa juu, akaamka imeshuka.

Ukiangalia kwa makini utaona mwelekeo. Masasisho yanatuhudumia vizuri pale tunapotaka kile ambacho itifaki nayo inakitaka: nafasi zaidi, ada ndogo, usalama. Yanatuhudumia polepole pale tunapotaka vitu ambavyo ni sisi tu tunaovihisi, kama zana bora za msimbo, uzoefu wa mtumiaji na ukubwa wa mikataba.

Mbona mambo madogo huchukua miaka?

Hifadhi ya muda ilipendekezwa mwaka 2018 kama EIP-1153. Ni sehemu ambayo mkataba unaweza kuandika kitu kikafutika muamala unapoisha, kwa gesi 100 badala ya maelfu. Wazo ni jepesi. Liliingia Machi 2024. Hesabu za mkunjo wa BLS12-381, zinazohitajika na wanaothibitisha saini za wathibitishaji ndani ya mikataba, zilipendekezwa mwaka 2020 na kuingia Mei 2025.

Sababu moja ni ya haki kabisa: kila amri mpya lazima iandikwe upya katika programu zote za nodi, katika lugha tofauti za programu, na zote zitoe jibu lilelile hadi baiti ya mwisho. Zikitofautiana, mnyororo unagawanyika. Sababu ya pili ni foleni. Kila sasisho lina jambo moja kubwa linalobeba jina, na mengine hupanda iwapo nafasi ipo. Jambo kubwa likichelewa, madogo huchelewa nalo. Likionekana liko hatarini, madogo ndiyo hushushwa kwanza.

EIP-1153 iliingia kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Watu wa Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, waliishikilia: walihitaji hifadhi hiyo kwa toleo lao la nne, walishiriki kuiandika, wakarudi nayo tena na tena. Mapendekezo mengi yanayowafaa wasanidi hayana mwenyewe wa namna hiyo. Mwandishi wake hupata kazi nyingine, na pendekezo linawekewa alama kwamba limesimama.

Mkataba wangu hauwezi kubadilishwa. Sasisho linaweza kuuvunja?

Linaweza, na limeshawahi. Ningependa kila fundi wa itifaki alisome swali hili kwanza.

Desemba 2019, sasisho la Istanbul liliingiza EIP-1884, iliyopandisha bei ya kusoma hifadhi, amri ya SLOAD, kutoka gesi 200 hadi 800. Sababu ilikuwa ya kweli: data ya mnyororo ilikuwa imekua, kuisoma kutoka kwenye diski kulikuwa kukigharimu nodi kuliko kinacholipwa, na pengo la namna hiyo ni mlango wa mashambulizi. Lakini mikataba ikitumiana ETH kwa njia ya zamani ya `transfer`, anayepokea hupewa gesi 2,300 tu, kiasi kisichobadilika. Mikataba ya Aragon, mradi wa kuendesha mashirika kwa mikataba erevu, ilikuwa ikisoma hifadhi ndani ya fanksheni yake ya kupokea, kwa hesabu iliyokuwa sahihi siku ilipoandikwa. Bei ilipopanda, gesi 2,300 hazikutosha tena. Mkataba ambao haukuguswa hata herufi moja ukaacha kupokea fedha kwa njia hiyo. Aragon walikuwa na njia ya kusasisha mikataba yao. Fikiria ambaye hakuwa nayo.

Karibu mwaka mmoja kabla ya hapo nusura itokee kubwa zaidi. Sasisho la Constantinople lilipangwa kwa katikati ya Januari 2019, likiwa na EIP-1283 iliyopunguza bei ya kuandika hifadhi. Kila mtu alidhani kupunguza bei hakuwezi kumwumiza yeyote. Januari 15, kampuni ya ukaguzi ya ChainSecurity ilionyesha kwamba bei mpya ingewezesha mkataba kubadilisha hifadhi ndani ya zile gesi 2,300, na hivyo mikataba iliyokuwa salama dhidi ya kuitwa upya kabla haijamaliza kazi ingekuwa wazi. Sasisho likaahirishwa likiwa limebakiza kama siku moja, likaja Februari 28 bila EIP hiyo. Naona huo ni mfano wa utawala uliofanya kazi. Ila kosa hilo lilipita miezi ya majadiliano ya mafundi wa itifaki na kukamatwa na watu ambao kazi yao ni kusoma mikataba ya programu. Macho ya upande wetu yalikuwa yamekosekana mezani.

Hata sasisho ninalolipenda huvunja kitu. EIP-7702 inaruhusu akaunti ya kawaida kubeba msimbo. Mikataba mingi ya zamani ilikuwa na ukaguzi wa `msg.sender == tx.origin` kama ushahidi kwamba anayeita ni mtu na si mkataba. Baada ya Mei 2025 ushahidi huo umekufa. Ulikuwa ukaguzi mbaya tangu mwanzo, na wakaguzi walionya, lakini ulikuwa kwenye mikataba iliyoshika fedha za watu.

Msimamo wangu ni huu: kwa anayejenga programu, ahadi ya kwamba kilichowekwa hakitavunjika ina thamani kuliko kipengele kipya chochote. Kipengele ninaweza kukisubiri. Mkataba uliokufa siwezi kuufufua.

Kwa nini mkataba hauruhusiwi kuzidi baiti 24,576?

Kikomo hicho kililetwa na EIP-170 katika sasisho la Novemba 2016, baada ya wiki za mashambulizi yaliyoelemea nodi. Tatizo lililokuwepo: kuuita mkataba kuligharimu gesi ileile uwe mdogo au mkubwa, wakati nodi ililazimika kuusoma wote kutoka kwenye diski. Kikomo kiliziba tundu hilo kwa haraka.

Nimewahi kukaa siku mbili nzima na mkataba uliozidi kwa baiti mia mbili na kitu. Nilifupisha ujumbe wa makosa, "kiasi kimezidi salio" ukawa "KS". Nikaunganisha fanksheni mbili zilizokuwa zikisomeka vizuri zikiwa mbali, nikapandisha kiwango cha kubana msimbo, nikapima tena. Ulipoingia, nilikuwa nimeufanya mkataba kuwa mgumu kusomwa na mkaguzi, na ugumu huo ndio hatari yenyewe. Wengine huugawa mkataba mmoja vipande kwa mtindo wa almasi, ERC-2535, na kuongeza tabaka zima la utata ili kutii namba moja.

EIP-7907, iliyotaka kupandisha kikomo hicho na kuwatoza gesi wanaoita mikataba mikubwa, ilifikiriwa kwa ajili ya sasisho la Fusaka la Desemba 2025, kisha ikaondolewa ili sasisho lisielemewe. Uamuzi huo naweza kuuelewa. Kilichonisikitisha ni kwamba hoja za usalama wa nodi zilikuja na vipimo, na hoja za usalama wa msimbo, zile za mkataba uliokatwakatwa, zilikuja na malalamiko. Sisi wenyewe hatukuleta vipimo.

EOF ilikuwa nini, na kwa nini iliondolewa?

Ilikuwa mpangilio mpya wa msimbo wa mashine pepe: sehemu za msimbo na data zikitenganishwa, uhakiki ukifanyika wakati wa kuweka mkataba, na amri za kufikia ndani zaidi ya rafu, mahali mashine inaposhika thamani za hesabu. Hilo la mwisho ni kilio cha kila anayeandika Solidity, lugha ya mikataba. Mashine hufikia vipengele 16 tu vya juu, na ukiwa na vigeu vingi ndani ya fanksheni moja, kompaila, programu inayogeuza msimbo wako kuwa wa mashine, inakutupia kosa la rafu kuwa na kina kupita kiasi.

Kazi iliendelea kwa miaka, EOF ikapangwa na kuahirishwa zaidi ya mara moja, na mwishoni mwa Aprili 2025 ikatolewa kwenye Fusaka. Watengenezaji wa Solidity waliitaka. Baadhi ya wasanidi wa programu waliipinga waziwazi, wakisema inaongeza utata mkubwa kwa faida ambayo kompaila ingeweza kuipata kwa njia nyepesi, na kwamba mashine ingelazimika kubeba mipangilio miwili milele. Kwa hiyo hata sisi hatusemi kwa sauti moja. Lakini maoni ya wasanidi yalipaswa kutafutwa mwaka wa kwanza, kabla watu hawajamwaga jasho la miaka.

Mkataba wangu umepita majaribio yote, lakini mnyororo mwingine unaukataa. Kuna nini?

Angalia toleo la kompaila. Hili lilitupata mwaka 2023. Mkataba uliokuwa ukifanya kazi kwenye mtandao mkuu ulipelekwa kwenye mnyororo mmoja wa tabaka la pili, na muamala wa kuuweka ukarudi na kosa la amri batili. Tulikagua anwani, tukakagua gesi, tukalaumu mtoa huduma wa nodi. Jioni mmoja wetu aliufungua msimbo wenyewe wa baiti na kuanza kuusoma kutoka mwanzo, akakutana na baiti `5f`.

Hiyo ni PUSH0, amri ya kuweka sifuri kwenye rafu, iliyoletwa na sasisho la Shanghai Aprili 2023. Kabla yake sifuri iliwekwa kwa baiti mbili na gesi 3, sasa ni baiti moja na gesi 2. Solidity 0.8.20, iliyotoka Mei mwaka huo, ilianza kuitumia bila kuulizwa. Mnyororo tuliouendea ulikuwa haujaipokea amri hiyo. Dawa ilikuwa mstari mmoja katika mipangilio ya kompaila, kuweka `evmVersion` iwe `paris`.

Kwa mtandao mkuu sasisho lilikuwa jema na dogo kabisa. Madhara yalitokea kwenye mpaka, kwa mtu anayepeleka msimbo uleule sehemu nyingi, na hakuna mkutano wa itifaki moja unaolitazama eneo hilo kwa ukamilifu.

Minyororo yenye kura ndani yake inatutendea vizuri zaidi?

Inatenda haraka zaidi. Tezos hupitisha masasisho kwa kura za waokaji, ndivyo wanavyoitwa wathibitishaji wake, katika vipindi vitano, na kura za ndiyo lazima zifike asilimia 80 ya kura za ndiyo na hapana. Sasisho lake la Delphi la Novemba 2020 lilishusha sana gharama za gesi, jambo lililowagusa wasanidi moja kwa moja. Polkadot hubadilisha kanuni zake bila foki, kwa kuwa msimbo wa kanuni hizo umehifadhiwa ndani ya mnyororo, na mwenye tokeni anaweza kuzidisha uzito wa kura yake hadi mara sita kwa kukubali tokeni zake zifungwe muda mrefu.

Lakini kura hizi huhesabu sarafu. Msanidi mwenye programu inayotumiwa na watu laki moja, na tokeni kidogo mfukoni, ana uzito mdogo kuliko mwekezaji ambaye hajawahi kuandika mstari wa msimbo. Sarafu hupenda kujadili sarafu: kura iliyovuta umati Solana Machi 2025, SIMD-0228, ilihusu mfumuko wa sarafu. Ilipata takriban asilimia 61 ya ndiyo, ikashindwa kwa kukosa theluthi mbili. Wakati huo muamala wa Solana ulikuwa bado na kikomo cha baiti 1,232, kinachomlazimu msanidi kupasua kazi moja vipande au kutumia majedwali ya anwani. Kikomo hicho hakijawahi kukusanya umati wa namna hiyo.

Na Bitcoin?

Bitcoin imeamua kwamba kutobadilika ndiyo huduma yenyewe. SegWit iliingia Agosti 2017 baada ya mzozo mkali uliozaa Bitcoin Cash, Taproot ikaingia Novemba 2021. BIP-119, ambayo ingewapa wasanidi uwezo wa kufunga mapema njia ambazo sarafu zitapita, imekuwa mezani tangu 2020. Anayetaka zana mpya atachoka kusubiri, ila aliyeandika kitu mwaka 2014 bado anakikuta kinafanya kazi.

Je, nihamie tabaka la pili, au nijenge mnyororo wangu?

Matabaka ya pili yameonyesha faida moja ya wazi. Simu nyingi zina kifaa cha usalama kinachosaini kwa mkunjo wa P-256, kile unachokiamsha kwa alama ya kidole. Kuithibitisha saini hiyo ndani ya mkataba kwa msimbo wa kawaida kulikuwa ghali mno. Matabaka kadhaa ya pili yaliikubali amri maalumu ya kuithibitisha chini ya jina RIP-7212, pochi zikaanza kuitumia, na baada ya kuonekana inafanya kazi kwa watu halisi ikaingia mtandao mkuu kama EIP-7951 katika Fusaka, Desemba 3, 2025. Njia hiyo ya kujaribu pembeni kisha kupandisha juu ndiyo ningetaka itumike zaidi.

Gharama ni kwamba umebadilisha mwenye nyumba. Kwenye Arbitrum, mojawapo ya matabaka hayo, baraza la usalama la watu 12 linaweza kufanya sasisho la dharura wakikubali 9. Hilo linakulinda kasoro ikigunduliwa usiku, lakini pia maana yake kanuni zinaweza kubadilika kabla hujapata taarifa. Soma masharti hayo kabla ya kusoma ada. Kujenga mnyororo wako, kama soko la dYdX lilivyofanya Oktoba 2023 kwa zana za Cosmos, mfumo wa kuundia minyororo, kunakupa uamuzi wote, pamoja na kazi yote: wathibitishaji, madaraja ya kuhamisha tokeni kati ya minyororo, na masasisho ambayo sasa utalaumiwa wewe.

Nitafanyaje ili nisikike?

Nenda mapema, na uende na namba. Ujumbe wa "hili litatuumiza" husomwa na kupitwa. Ujumbe wenye anwani ya mkataba uliopo, fanksheni itakayogoma, gesi ya sasa na gesi ya baadaye, husimamisha mjadala. Uandike pendekezo likiwa bado linajadiliwa iwapo lifikiriwe kwa ajili ya sasisho. Likishapangiwa, unayemwomba abadili ni mtu ambaye ameshaandika msimbo.

Usiende peke yako. Timu tatu zenye tatizo moja zikiandika hoja moja hupata majibu ambayo timu moja haiyapati. Na mkaguzi wenu wa mikataba mwombeni asome orodha ya EIP za sasisho linalokuja. Kumbuka nani aliiokoa Januari 2019.

Kwa upande wa mafundi wa itifaki ninaomba jambo moja: kila pendekezo linalogusa bei au tabia ya amri iliyopo lije na matokeo ya kuirudia miamala halisi ya miezi iliyopita chini ya kanuni mpya, likionyesha mikataba ipi ingegoma. Zana zipo na miamala yote iko hadharani. Wakati mwingine hufanyika. Ningependa liwe sharti.

Nijiandaeje sasisho linapokaribia?

Endesha majaribio yako kwenye nakala ya mtandao mkuu yenye kanuni mpya, na mitandao ya majaribio uitumie kama nyongeza tu. Februari 2025, Pectra ilipowashwa kwenye Holesky, mmojawapo wa mitandao hiyo, baadhi ya programu za nodi zilikuwa na anwani isiyo sahihi ya mkataba wa amana, na mtandao huo ukakaa takriban wiki mbili bila kukamilisha bloku zake. Mtandao mwingine wa majaribio, Hoodi, ulianzishwa Machi kuziba pengo. Aliyekuwa na ratiba ya majaribio Holesky pekee alikwama.

Tafuta ndani ya msimbo wako kila namba ya gesi iliyoandikwa kwa mkono, na kila `transfer` iliyobaki. Angalia miamala yako mikubwa: tangu Fusaka hakuna muamala mmoja unaoruhusiwa kuzidi gesi 16,777,216, hivyo kazi ya kugawa malipo kwa maelfu ya anwani kwa mkupuo mmoja huenda ikahitaji kukatwa. Funga toleo la kompaila na `evmVersion` kwa kila mnyororo unaoutumia. Siku ya sasisho usiweke mkataba mpya. Subiri siku mbili tatu, tazama wengine wanavyopita, ndipo nawe uupeleke.